Makanisa ya kale ya Dar es Salaam: umbo la Ulaya, chokaa ya Pwani

Anayeshuka boti ya Zanzibar bandarini Dar es Salaam, akitoka tu getini anatazamana na mnara uliochongoka wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Akifuata barabara ya Sokoine kuelekea Posta ya Zamani, mwendo mfupi kwa miguu, anamfikia jirani yake: Kanisa Kuu la Kilutheri la Azania Front, lenye kuta nyeupe na vigae vyekundu. Wapita njia wengi huyaita yote mawili "makanisa ya Mjerumani" na kuishia hapo. Jina hilo lina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayotushughulisha sisi wa uhifadhi wa majengo ya kale, maana ndiyo inayobomoka.

Tuanze na Mjerumani. Mwaka 1891 serikali ya kikoloni ilihamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mji uliokuwa umedorora tangu alipofariki Sultani Majid wa Zanzibar ukaanza kujengwa upya kuikabili bandari. Wamisionari walikuwa wametangulia. Wabenedikti wa Mtakatifu Otilia, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, walianzia Pugu mwaka 1888, lakini Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni yao ilishambuliwa na kuteketezwa. Baadaye walijenga hapa ufukweni. Ujenzi wa Mtakatifu Yosefu ulianza 1897 ukamalizika 1902, na kanisa likatabarukiwa 1905, mwaka uleule ambao askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa safarini kuelekea kusini katika Vita vya Maji Maji. Walutheri nao walianza lao 1898, wakalifungua 1902. Kwa hiyo majengo haya mawili yalipanda pamoja, kila dhehebu likimwona mwenzake akiweka mawe, na sioni sababu ya kuamini kwamba hapakuwa na kushindana.

Mtakatifu Yosefu ni mfano wa mtindo wa Gothiki uliofufuliwa Ulaya katika karne ya 19: matao yenye ncha, dari iliyokunjwa kwa matao, mnara mwembamba unaolenga juu, na vioo vya rangi nyuma ya altare. Mtindo huo ulizaliwa kwenye nchi zenye giza la baridi. Waashi wa kaskazini mwa Ufaransa katika karne ya 12 walitafuta namna ya kutoboa kuta nene ili mwanga uingie, na tao lenye ncha likawapa nafasi hiyo kwa sababu linausukuma uzito chini zaidi kuliko pembeni. Dar es Salaam haina shida ya mwanga. Hapa shida ni kuuzuia, pamoja na joto linaloandamana nao. Ndiyo maana ukiingia Mtakatifu Yosefu saa sita mchana unapata kivuli na ubaridi: kuta nene huchukua muda mrefu kupata joto, na dari ndefu huliacha joto lipande mbali na vichwa vya waumini.

Azania Front inalijibu tatizo hilohilo waziwazi zaidi. Umbo lake, hasa mnara, linakumbusha makanisa ya vijiji vya kusini mwa Ujerumani. Lakini inua macho utazame madirisha: juu yake pametokeza vipaa vidogo vya vigae. Mgeni huvidhani ni urembo. Vinakinga jua kali lisigonge dirisha, na wakati wa masika vinatupa maji mbali na ukuta. Kwangu mimi, hicho ndicho kipande chenye akili kuliko vyote katika jengo lile, na watalii wengi wanapiga picha ya mnara bila kukiona.

Sasa tuje kwenye ile nusu nyingine. Michoro ilitoka Ulaya, lakini ujenzi wa mawe mjini wakati ule uliegemea malighafi na ujuzi wa Pwani: mawe ya matumbawe, chokaa, na mikono ya waashi na vibarua wa huku. Ujuzi huo ulikuwepo karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Kijerumani; Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni ushahidi tosha. Matumbawe huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, yakatoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo huzimwa kwa maji, huchanganywa na mchanga, na ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ileile na kurudi polepole kuwa jiwe. Kazi hii haitaki haraka.

Ng'ambo ya bahari, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna jengo linaloonyesha ujuzi huu ulikoweza kufika. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa lililokuwa mahali hapo kufungwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alilifunika kwa kuba refu la mchanganyiko wa saruji na matumbawe yaliyopondwa, badala ya mbao na vigae. Wapo waliotabiri lingeanguka. Halijaanguka. Hukohuko Zanzibar, Kanisa la Mtakatifu Yosefu la miaka ya 1890 lilifuata mtindo wa Kifaransa, na wenyeji, bila kusumbuka na majina ya mitindo, wakaliita Minara Miwili.

Steere alitumia saruji, basi kwa nini wahifadhi tunailalamikia? Kwa sababu yeye aliichanganya tangu mwanzo ndani ya jengo jipya. Balaa linakuja saruji inapobandikwa juu ya ukuta wa chokaa uliokwishazeeka. Ukuta wa matumbawe una vitundu vingi na hupitisha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, yakafika kwenye lipu ya chokaa, yakakauka kwa hewa ya nje. Chumvi iliyomo, na karibu na bahari haikosi, huganda juu ya lipu na kuichakaza kidogokidogo. Lipu ya chokaa hupigwa ikijulikana kwamba siku moja itabanduliwa na kupigwa nyingine. Ni kama ndara: inalika ili mguu upone. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Unapanda juu zaidi, na chumvi inagandia ndani, nyuma ya saruji. Punje zake zikikua zinasukuma, na jiwe linasagika kuwa unga huku nje ukuta unapendeza. Baada ya miaka kadhaa saruji inadondoka kwa bamba zima, na uso wa jiwe unadondoka nayo. Rangi ya mafuta hufanya uharibifu huohuo, ila kwa mwendo wa pole.

Watu hudhani majengo haya yanalindwa na sheria moja kwa moja kwa kuwa ni ya zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860 hiyohiyo, kwa hiyo karibu Dar es Salaam yote ya kihistoria imebaki nje ya mstari huo. Jengo la baadaye linahitaji kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali. Makanisa yana bahati moja ambayo nyumba za biashara hazina: yana waumini wanaoyatumia kila wiki, na jengo linalotumika huonwa linapovuja. Lakini waumini haohao ndio wanaochangishana fedha za ukarabati, na kamati ya ujenzi ikishapata fedha hutaka kazi ionekane kabla ya sikukuu.

Kwa kamati hizo, iwe ni ya kanisa kuu au ya kigango cha zamani, ombi letu ni la kawaida kabisa. Kabla ya rangi, angalieni paa na mifereji yake, kwa kuwa maji mengi yanayoharibu kuta huanzia juu. Gongeni ukuta kwa kiungo cha kidole: ukilia kama debe tupu, lipu imeachana na jiwe. Bandueni sehemu hiyo tu. Lowesheni ukuta, pigeni lipu ya chokaa, fungu moja kwa matatu ya mchanga usio na chumvi, kwa matabaka membamba, na kila tabaka lifunikwe kwa magunia yenye unyevu ili lisikauke mbio. Juu yake pakeni chokaa au rangi inayopitisha mvuke. Na fundi akiwaambia kwamba kwa saruji atamaliza ndani ya wiki moja, mwulizeni kwanza kama amewahi kubandua lipu ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe, na alichokikuta nyuma yake.