Frombork haiko ufukweni mwa Bahari ya Baltiki

Picha za kanisa kuu la Frombork, mji mdogo wa kaskazini mwa Poland, huonyesha maji mengi chini ya kilima, na wengi hudhani ni Baltiki. Sivyo. Ni Ghuba ya Vistula, iliyotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Kina chake ni wastani wa mita 2.7 hivi na chumvi yake ni kidogo, kwa sababu mito humwaga humo maji yasiyo na chumvi huku maji ya bahari yakipenya zaidi kupitia mlango mmoja mwembamba, Baltiysk, ulio upande wa Urusi. Kwa uhaba huo wa kina, upepo mkali husukuma maji upande mmoja na kuinua mawimbi mafupi yanayosumbua mashua ndogo. Baridi ikikaza, ghuba huganda.

Kwa hiyo, kwa muda mrefu ramani ya Poland pekee haikutosha kumwongoza nahodha. Hadi Septemba 2022, ulipofunguliwa mfereji uliokata ukanda huo, chombo kilichotaka kutoka ghubani moja kwa moja hadi bahari kuu kilipita kwenye maji ya Urusi.

Kosa la pili ni dogo: mwanaastronomia Nicolaus Copernicus hakuzaliwa hapa. Alizaliwa Toruń mwaka 1473. Huko Frombork alikuwa kanoni, yaani mjumbe wa baraza la kanisa kuu, akafia hapo mwaka 1543. Mabaki yanayoaminika kuwa yake yalipatikana chini ya sakafu ya kanisa mwaka 2005, yakazikwa upya mwaka 2010.