Ajira, Kipato na Umaskini Zanzibar: Kwa Nini Mwenye Kazi Bado Huhesabiwa Maskini

Kila zinapotolewa takwimu za ajira na umaskini Zanzibar, huzuka swali lile lile: iweje kijiji ambacho karibu kila mtu mzima huamka alfajiri kwenda baharini au kondeni kihesabiwe miongoni mwa vijiji maskini, na mtaa wa mjini wenye vijana wengi wasio na kazi uonekane una nafuu? Jibu halimo katika uvivu wa watu wala katika makosa ya hesabu. Ajira hupimwa kwa mtu mmoja mmoja, umaskini hupimwa kwa kaya nzima, na kipato, ambacho wengi hudhani ndicho kinachoamua nani ni maskini, katika vipimo vyetu hakitumiki kabisa kuamua jambo hilo.

Tuanze na ajira. Takwimu zake hutoka katika Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi, ambao mdadisi wake, akiisha kutambulishwa na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji), huuliza kuhusu siku saba zilizopita. Mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa moja ndani ya siku hizo huhesabiwa ameajiriwa. Wasomaji wengi hushtuka wakisikia habari ya saa moja, na huona kama serikali inapamba hesabu, lakini kanuni hiyo ni ya kimataifa na ina sababu: lengo lake ni kunasa kila kazi iliyochangia uzalishaji wa nchi, ikiwemo ya muuza urojo wa jioni na ya mama anayesuka ukili huku akilea. Kosa hufanyika pale kipimo hicho kinapogeuzwa kuwa kipimo cha maisha mazuri, kazi ambayo hakikuundiwa.

Upande wa pili kuna asiye na ajira. Kwa kipimo cha kimataifa lazima awe hana kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Tafsiri ya kitaifa tunayoitumia Tanzania ni pana zaidi, kwa kuwa inamjumuisha pia aliye tayari kufanya kazi lakini ameacha kutafuta kwa kukata tamaa. Kwa tafsiri hii, ukosefu wa ajira Zanzibar ulikuwa asilimia 14.3 mwaka 2014, na utafiti wa 2020/21 ukaonyesha kuwa umepanda hadi karibu asilimia 20. Ongezeko hilo halisomeki vizuri bila kukumbuka mazingira yake: watalii waliofika Zanzibar walikuwa zaidi ya 538,000 mwaka 2019, na mwaka uliofuata, wa korona, wakapungua hadi takriban 260,000. Utafiti uliofanywa hoteli zikiwa nusu tupu haukuweza kutoa picha nyingine.

Hata hivyo, tarakimu hiyo yenyewe haituambii ni kina nani walio hatarini zaidi. Wengi wanaohesabiwa hawana ajira ni vijana, na wengi wao wana elimu ya sekondari au zaidi. Kijana aliyemaliza chuo anaweza kukaa mwaka mzima akisubiri nafasi serikalini au hotelini kwa sababu kwao anapata chakula na mahali pa kulala. Mwanamke mjane wa kijijini mwenye watoto wanne hana fursa hiyo ya kusubiri. Siku asipopata kibarua ataokota chaza, atauza kuni, atakwenda kukata makuti, na katika dodoso atahesabiwa ameajiriwa. Kwa maneno mengine, kukosa ajira kwa maana ya kitakwimu kunahitaji kuwa na mtu wa kukulisha, na ndiyo maana mahali penye ukosefu mkubwa wa ajira si lazima pawe ndipo penye umaskini mkubwa. Sisemi kwamba hali ya vijana hao ni nyepesi. Ninasema tu kwamba sera ya ajira ya vijana na sera ya kupunguza umaskini hazilengi watu wale wale, na bajeti inayodhani kuwa ni kitu kimoja itawakosa wengine.

Hakuna kazi inayoonyesha hili waziwazi kuliko kilimo cha mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, kisha kikaenea Pemba, ambako leo ndiko hutoka sehemu kubwa ya mavuno. Wakulima wake wengi sana ni wanawake. Kazi hufuata bahari: wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, mkulima huingia na kamba, vijiti na mbegu, hufunga, hupalilia na kuvuna, na maji mafu yakifika, bahari isipokupwa mbali, hubaki nchi kavu akikausha. Mwani huwa tayari baada ya takriban wiki sita, na kilo moja ya mwani mkavu hutokana na kilo kadhaa za mwani mbichi uliobebwa kichwani kutoka baharini hadi juu ya ufuo.

Mkulima huyo ameajiriwa kwa kila tafsiri ya neno hilo, lakini bei ya mwani aina ya spinosum, ambao ndio unaostawi zaidi, imekuwa kwa miaka mingi ni mamia ya shilingi kwa kilo. Ile aina ya cottonii yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa katika maeneo mengi yenye maji ya kina kifupi, kwa kuwa bahari inazidi kupata joto na maradhi huubabua mwani ukawa mweupe. Kuilima katika maji ya kina kirefu kunahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi wa vijijini hawakuvipata. Anayeuza nje huuza mwani mkavu ambao haujasindikwa, na thamani kubwa huongezwa kwenye viwanda vya mbali vinavyotengeneza karajini, kitu cha kufanya vitu viwe vizito, ya kuwekwa katika vyakula na dawa za meno. Mtu anaweza basi kufanya kazi miaka ishirini mfululizo bila hata wiki moja ya kukosa ajira, na kaya yake isivuke mstari wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini. Kumwambia mtu kama huyo ajishughulishe ni kutomuelewa.

Sasa tuje kwenye umaskini wenyewe. Chanzo chake cha takwimu ni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, na ingawa jina lake linataja mapato, kigezo cha kuamua nani ni maskini ni matumizi. Sababu ni za kiutendaji. Kipato cha Mzanzibari wa kawaida hakiji kwa mwezi. Mwenye mikarafuu hupata fedha nyingi mwaka wa mavuno makubwa, kisha miti ikapumzika. Mchumaji hulipwa kwa kadiri alichochuma, msimu ukiisha na malipo yameisha. Mvuvi wa Kojani, Pemba, huenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, kwa miezi. Mkaushaji wa dagaa hutegemea wafanyabiashara wanaonunua kwa ajili ya soko la Kongo, na wakichelewa mzigo hulala. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo amepata kiasi gani mwezi uliopita, jibu lake laweza kuwa la kweli na bado likapotosha. Matumizi hayayumbi kiasi hicho, kwa sababu watu hukopa dukani, huweka akiba na husaidiana ili chungu kisikauke.

Ndiyo maana utafiti huo huendeshwa mwaka mzima, kupita masika na kiangazi, mwezi wa Ramadhani na miezi mingine, na kaya hupewa daftari la kuandika kila kinachonunuliwa na kila kinachotoka shambani au baharini kuingia jikoni. Muhogo wa kondeni kwako, nazi ya mnazi wako na samaki wa kitoweo aliyebaki baada ya kuuza huwekewa thamani ya fedha na kujumlishwa. Vilevile chakula kilichonunuliwa kwa fedha zilizotumwa na ndugu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Maskati huingia katika hesabu, hata kama hakuna aliyefanya kazi yoyote hapo nyumbani ili kukipata. Kaya isiyo na mwajiriwa hata mmoja inaweza, kwa njia hiyo, kuwa juu ya mstari, na kaya yenye watu wanne wanaofanya kazi ikawa chini yake.

Mstari wenyewe katika utafiti wa 2019/20 uliwekwa kwenye shilingi 66,313 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja kwa mahitaji ya msingi, na shilingi 47,541 kwa chakula peke yake. Mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake, kwa kuwa hali chakula kingi sawa na baba yake. Ukigawa kwa siku 30, mahitaji yote ya msingi yanakuwa takriban shilingi 2,200 kwa siku, yaani chakula, mavazi, sabuni, nauli, dawa na daftari la shule. Nadhani kila msomaji anaweza kujipimia mwenyewe kama mstari huo ni wa juu au wa chini. Kwa maoni yangu ni wa chini, na aliyeuvuka kwa shilingi mia mbili hajafika popote pa kujivunia.

Kwa mstari huo, asilimia 25.7 ya wakazi wa Zanzibar walikuwa chini ya mahitaji ya msingi, kutoka asilimia 34.9 mwaka 2009/10, na asilimia 9.3 walikuwa chini ya mstari wa chakula. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini asilimia hupungua kwa namna mbili: maskini wakipungua, au watu wote wakiongezeka haraka kuliko maskini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773, ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka. Ukizidisha asilimia za umaskini kwa idadi ya watu wa wakati wake, utaona kwamba watu walio chini ya mstari hawakupungua kwa kiasi ambacho asilimia zinaashiria. Walibaki karibu na pale walipokuwa. Mtoa huduma wa afya wa kijijini anaweza kuapa kwamba haoni wagonjwa maskini wakipungua, na takwimu zinazosifiwa mjini zikawa sahihi pia.

Wastani wa Zanzibar nzima unaficha pia tofauti ya mahali. Umaskini wa vijijini ni takriban mara mbili ya ule wa mjini, na Pemba iko nyuma ya Unguja kwa kiasi kikubwa, ingawa ndiko hutoka karafuu nyingi na mwani mwingi wa visiwa hivi. Kwa miongo kadhaa mkulima wa karafuu alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia, jambo lililochochea magendo, hadi mageuzi ya mwaka 2011 yalipolenga kumfikishia takriban asilimia 80 ya bei hiyo. Utalii, kwa upande wake, umejikita Mji Mkongwe na katika fukwe za kaskazini na mashariki ya Unguja. Hata huko faida haifiki moja kwa moja kwa jirani wa hoteli: mboga nyingi huvushwa kutoka Bara, nafasi zenye mshahara mzuri zinataka lugha na uzoefu, na Aprili na Mei, mvua za masika zinapokuja, wafanyakazi wengi hupewa likizo isiyo na malipo.

Na mwenye mshahara wa uhakika je? Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Chukua kaya ambayo mahitaji yake, ukijumlisha wakubwa na watoto, ni sawa na ya watu wazima watano: mstari wake kwa bei za 2019/20 ni shilingi 331,565. Mshahara mmoja wa kima cha chini unaivusha kaya hiyo kwa shilingi 15,435, kabla ya makato yoyote, na kabla ya kupanda kwa bei za unga, mafuta ya kula na nauli baada ya utafiti ule. Hesabu hii fupi inaeleza kwa nini idadi ya wanaotegemea mshahara mmoja ina uzito sawa na mshahara wenyewe, na kwa nini mke naye kuingia kazini hubadilisha hali ya kaya zaidi kuliko nyongeza ndogo kwa mume.

Ruzuku na pensheni husaidia pembeni. Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mwenye miaka 70 au zaidi na kuongezwa baadaye, haiulizi kama mzee aliwahi kuajiriwa, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote ndani yake, kwani mvuvi na mkulima wa mwani hawakuwahi kuchangia mfuko wowote. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, nao hufika katika shehia, ukiwalenga walioteuliwa baada ya kuchunguzwa hali zao.

Uteuzi huo, mstari wa umaskini na kiwango cha ajira vyote hutegemea majibu yanayotolewa mlangoni. Wapo wanaopunguza matumizi wakitumaini msaada, na wapo wanaoficha duka au chombo cha uvuvi wakihofia kodi. Katika utafiti wa takwimu, tumaini hilo na hofu hiyo havina msingi, kwa sababu kaya za utafiti huchaguliwa kwa bahati nasibu, hakuna kaya inayoongezwa au kuondolewa katika ruzuku kutokana na dodoso la utafiti, na sheria ya takwimu inakataza taarifa za mtu mmoja mmoja kupewa mamlaka ya kodi au ofisi nyingine yoyote. Mdadisi akifika, muulize kitambulisho chake na umwombe sheha athibitishe. Baada ya hapo, mwandikishe hata kisamvu ulichochuma uani.