Kabla Jani la Mkungu Halijaanguka: Jinsi Seli za Mmea Zinavyotumia Upya Vilivyomo Ndani Yake

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaufahamu mkungu, mti wa kivuli ulioenea kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule na ufukweni, ambao mara moja au mbili kwa mwaka hugeuza majani yake mapana kuwa mekundu kisha ukayapukutisha. Wengi huliokota jani hilo wakidhani wameshika kitu kilichochoka na kufa. Ukweli ni kwamba kwa siku nyingi kabla ya kuanguka, kila seli ya jani hilo ilikuwa ikibomoa mitambo yake kwa utaratibu, ikitenganisha vipande vyenye manufaa na kuvisafirisha kwenda kwenye machipukizi na mbegu.

Mmea hauna pa kukimbilia. Mfugaji malisho yakikauka huhamisha ng'ombe wake, lakini shina la mahindi lililoota penye udongo hafifu litamalizia maisha yake papo hapo, kwa akiba ambayo mizizi imekwisha kuikusanya. Mara nyingi kinachopungua mapema ni naitrojeni, na mkulima anayenunua mfuko wa yuria, mbolea ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, anajua gharama yake. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye kloroplasti, yaani vile vijenzi vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa nuru ya jua. Katika jani la mpunga au la kunde, takriban asilimia 70 hadi 80 ya naitrojeni yote imo humo, na kimeng'enya kimoja tu, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kiitwacho Rubisco kinaweza kufikia nusu ya protini yote ya jani inayoyeyuka majini. Kwa hiyo jani ni kiwanda na ghala kwa wakati mmoja, na ghala hilo lazima lifunguliwe kabla halijapotea.

Seli huvunja vitu vyake kwa njia mbili kuu. Protini mojamoja iliyoharibika au iliyomaliza kazi huwekewa alama na kukatwakatwa na mtambo mdogo uitwao protiasomu. Vitu vikubwa zaidi, kama mitokondria (kijenzi kinachoipa seli nishati) iliyochakaa, kipande cha kloroplasti au hata kloroplasti nzima, haviwezi kupita humo. Hivyo huhitaji njia ya pili, autofaji, neno lililoundwa mwaka 1963 na mwanasayansi Christian de Duve kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kujila mwenyewe. Naona jina hilo linatisha kuliko kazi yenyewe, kwa kuwa kinacholiwa ni kile ambacho seli imechagua, na mara nyingi ulaji huo ndio unaoiweka hai.

Kazi huanza na kipande kidogo cha utando ndani ya seli. Kingo zake hujikunja pole pole kukizunguka kitu kinachotakiwa kubomolewa, kama mtu anavyokunja jani la mgomba kufungia chakula, mpaka kingo zikutane na kuwa kifuko chenye kuta mbili. Protini iitwayo ATG8 hushikizwa kwenye mafuta ya utando huo. Ndiyo inayosaidia kifuko kukua, na ndiyo inayoshikana na protini nyingine zinazotambua mzigo upi uingie. Kifuko kilichofungwa husafiri hadi kwenye vakuoli, chumba kikubwa chenye maji ambacho katika seli iliyokomaa kinaweza kuchukua hadi asilimia 90 ya nafasi yote. Ukikamulia samaki ndimu, uchachu unaoonja ulikuwa umehifadhiwa ndani ya vakuoli za ndimu hiyo. Si kila vakuoli ni kali kiasi hicho, lakini nyingi zina asidi ya kutosha kuviwezesha vimeng'enya vyake kufanya kazi. Ukuta wa nje wa kifuko huungana na utando wa vakuoli, ukuta wa ndani huingia pamoja na mzigo wake, na vyote huyeyushwa hadi kubaki asidi amino (vipande vinavyojenga protini), sukari na mafuta, ambavyo hurudishwa kutumika tena.

Aliyetufungulia mlango wa kuzijua jeni zinazoongoza kazi hii ni Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyetumia hamira, ambayo nayo ina vakuoli. Alichukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuyeyusha protini, akazinyima chakula, na chini ya hadubini akaona vakuoli zikijaa vifuko vidogo ambavyo havikuweza kuyeyushwa. Kwa njia hiyo aliweza kutafuta jeni zinazohusika, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba. Jeni zilizo sawa na hizo zimo pia katika mimea.

Majaribio ya mimea ndiyo yanayonivutia zaidi, na mengi yamefanywa kwa Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Ukilifunika jani moja lisipate mwanga huku majani mengine yakiendelea kumulikwa, jani hilo huwa njano ndani ya siku chache na kloroplasti zake hupungua, kwa sababu mmea unahamisha mali yake kutoka mahali pasipozalisha. Katika mimea ambayo jeni zake za autofaji zimezimwa, kloroplasti hizo hazipungui idadi. Mtu angetarajia basi kwamba mmea usioweza kujila utadumu kuwa kijani. Kinyume chake, mimea hiyo huzeeka mapema, hushindwa haraka inapokosa naitrojeni, na hupeleka naitrojeni kidogo zaidi kwenye mbegu. Mahindi yaliyokosa jeni iitwayo ATG12 yalionyesha udhaifu wa namna hiyo hiyo.

Hapo ndipo elimu hii inapomgusa mwenye bustani wa Kigamboni au Mbezi. Mahindi yakikosa naitrojeni, unjano huanza kwenye majani ya chini, ukitokea nchani na kushuka kwenye uti wa jani kwa umbo la herufi V, maana majani makongwe yanatoa akiba yao kuwapa machanga. Unjano ukianza kwenye majani machanga ya juu, huku mishipa yake ikibaki kijani, fikiria upungufu wa madini ya chuma, ambayo hayahamishiki kwa urahisi ndani ya mmea na huwa magumu kupatikana kwenye udongo wenye chokaa ya matumbawe. Kumwaga yuria hapo hakutaondoa tatizo.

Tukirudi kwa mkungu, klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, nayo hubomolewa kwa uangalifu, kwani ikiachwa ovyo juani huzalisha kemikali zinazounguza seli kabla uhamishaji haujakamilika. Rangi za njano, za jamii ile ile iliyomo kwenye karoti na boga, hujitokeza baada ya kijani kuondoka, wakati wekundu hutengenezwa upya katika siku hizo za mwisho. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zikishapita kwenye mirija ya floemu kuelekea matawini, safu nyembamba ya seli penye kikonyo hulegea, tabaka la gamba huziba jeraha, na jani huachia. Linaloanguka chini limebaki na kuta za seli zake na kalisi, madini ambayo floemu haiwezi kuyarudisha kwenye mti.