Musi mmoja ni safari ngapi za ndege? Kupanga mawindo na uvuvi Alaska

Kila mwaka ikifika Januari simu yangu huanza kulia. Ni ndugu zetu walioko Minnesota, Texas, Ohio, na mara mojamoja mtu wa Muscat au Dar: "Kaka, Septemba tunakuja kuwinda huko kwenu. Tuje na bunduki gani?" Nikishajibu la bunduki, linakuja la dubu. La dubu likiisha, wanataka kujua kama samoni watakuwa bado mtoni. Miaka yote hii ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniuliza lile ninaloanza nalo mimi: huyo musi (yule kulungu mkubwa wa huku, moose kwa Kiingereza) akishaanguka, anatokaje huko?

Naliuliza kwa sababu ya kazi yangu. Mimi si mwongoza wawindaji. Kazi hiyo ina leseni yake ya jimbo, nami sina. Niko kwenye gati la vindege vya maji hapa Anchorage, na mizani ndiyo ofisi yangu. Kila begi, kila bunduki, kila abiria na mabuti yake hupita kwangu kabla ya kuruka, na siku kumi baadaye nyama hupita kwangu ikirudi. Kabla ya hapo, nyumbani Tanzania, nilikuwa mchunaji kwenye kitalu cha uwindaji upande wa Rungwa. Kwa hiyo wanyama nimewajua zaidi wakiwa wamekwishalala chini.

Rungwa mgeni akifyatua na mnyama akaanguka, kazi yake imekwisha. Anapiga picha, anapewa maji baridi. Sisi tunashuka na visu, dereva anakatiza vichaka mpaka Land Cruiser inafika pale pale, na watu sita wanapandisha nyati kwa winchi huku wakiimba. Alaska hakuna dereva. Sehemu kubwa ya jimbo hili haina barabara kabisa. Ndege inakushusha ziwani, inazunguka mara moja, inakupungia bawa na kupotea. Kuanzia hapo mfuatanyayo ni wewe, mchunaji ni wewe, na Land Cruiser ni mgongo wako.

Ndiyo maana safari hii huipanga kinyumenyume, kuanzia nyama kurudi kwenye bunduki.

Mnyama ninayemsema ni musi, mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu: miguu mirefu kama ya mtu aliyepanda mironjo, pembe pana kama ungo. Dume lililokomaa hapa Alaska hufika kilo 540 mpaka 725. Dume kubwa hasa likishachunwa na kutolewa mifupa hubakiza nyama kama kilo 225. Paja moja peke yake, likiwa na mfupa, hupita kilo 50. Na huwezi kuchagua minofu ukaacha mengine, maana sheria inakudai shingo, kidari, nyama ya mbavu, mikono, mapaja na sarara zote. Vitalu kadhaa (jimbo limegawanywa vitalu 26) hudai mapaja, mikono na mbavu vitoke porini vikiwa bado na mifupa. Pembe haziruhusiwi kutangulia. Zinatoka pamoja na mzigo wa mwisho wa nyama au baada yake. Kuacha nyama ikaoza ni kosa la jinai, na watu wamefungwa kwa hilo.

Sasa chukua penseli. Musi mmoja, kwa mtu mwenye afya na shanta nzuri yenye fremu, ni mizigo minane hivi. Ukimpiga kilomita moja kutoka kambini, unakwenda na mzigo mara nane na kurudi mtupu mara saba: kilomita 15. Ukimpiga kilomita tatu, ni kilomita 45. Ardhi yenyewe si njia ya kwenda sokoni. Ni mavundo ya nyasi yanayoyumba ukiyakanyaga, katikati yake maji, na chini ya maji ardhi iliyoganda isiyoyeyuka hata kiangazi. Mkiwa wawili mnagawana, lakini hesabu haibadiliki sana, maana wa pili naye ana kibali chake na anataka wa kwake. Mimi huwaambia wateja waniwekee alama kwenye ramani: duara la kilomita moja na nusu kuzunguka pale ndege inapotua. Musi akiwa nje ya duara, hata akiwa na pembe za kuwekwa makumbusho, mnamwangalia kwa darubini na kumtakia maisha marefu. Tena dume Septemba huitika. Anayejua kuiga mlio wa jike, au kukwangua kichaka kwa mfupa wa bega la ng'ombe, anaweza kumleta ndani ya duara badala ya kumfuata.

Lakini hata ndani ya duara kuna somo jingine, nalo nililipata kwa kulilipia. Mwaka wangu wa tatu hapa tulikwenda wanne, sote watu wa Afrika Mashariki, kwenye mto mmoja unaoingia mto Kuskokwim, juu ya mji mdogo wa McGrath. Siku ya pili jioni dume lilitoka vichakani likaingia kidimbwi cha biva (mnyama anayeziba mito kwa miti) mita mia tano tu kutoka hemani. Mita mia tano! Nilimpiga amesimama majini, maji yanamfika magotini. Alianguka hapo hapo. Dakika ishirini baadaye ndipo nilipoelewa nilichokifanya: kilo zaidi ya mia sita zimelala kwenye tope, upande mmoja chini ya maji, na jua linazama. Wanaume wanne tulimvuta kwa kamba hadi sauti zikatukauka, hakusogea hata kiganja. Tulimchunia majini, usiku, kwa taa za kichwani, mikono imekufa ganzi kiasi kwamba nilijikata kidole na kukigundua kwa kuona damu, si kwa kusikia maumivu. Tulimaliza alfajiri. Tangu siku hiyo kwenye orodha yangu kuna kapi mbili na kamba ya mita 60, na kuna agizo ambalo sijali bunduki ya nani ni ya gharama gani: musi aliye majini hapigwi mpaka atoke.

Turudi kwenye mizani. Ndege ambayo wengi huiona kwenye picha ni Beaver ya de Havilland, kongwe kuliko marubani wengi wanaoirusha, na inabeba kama nusu tani, watu wakihesabiwa humo. Super Cub, ile ya matairi manene inayotua kwenye kokoto za mtoni, inachukua abiria mmoja na begi lake la kilo ishirini na kitu. Basi watu wawili na vifaa vyao ni safari moja ya Beaver kwenda. Kurudi na musi wawili wenye mifupa ni safari tatu, na kila safari inalipiwa. Watu hupiga hesabu ya kwenda tu, halafu Septemba 20 wananiuliza gatini kwa nini bili imeongezeka. Imeongezeka kwa sababu mmefanikiwa. Muulize mwenye ndege mapema bei ya safari ya nyama, na umwambie akupe kikomo cha uzito kwa kilo, si kwa "mabegi mawili".

Sheria sitazimaliza hapa, na hubadilika kila mwaka, ila tatu zinawakwaza sana watu wetu. Kwanza, nani wewe kisheria. Raia wa kigeni asiye mkazi wa Marekani lazima awe na mwongozaji mwenye leseni kwa kila mnyama mkubwa, musi akiwemo, na gharama hapo hupanda vibaya sana. Lakini Mkenya au Mtanzania anayeishi Minnesota kwa kadi ya kijani anahesabiwa kama Mmarekani wa jimbo jingine: musi na karibuu (kulungu wa kaskazini anayehama kwa makundi) anaweza kuwinda bila mwongozaji, ila dubu wa kahawia, kondoo wa Dall na mbuzi wa milimani hapana. Pili, siku uliyopanda ndege huwindi. Unasubiri mpaka saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata, ili mtu asimwone mnyama kutoka angani akashuka kumpiga. Tatu, pembe. Maeneo mengi mgeni anaruhusiwa dume lenye upana wa inchi 50, yaani sentimita 127, au lenye idadi fulani ya matawi ya mbele. Kupima sentimita 127 kwa macho, mita mia mbili, moyo unadunda, si mchezo. Ukiwa na shaka, hajafika.

Nikigusia karibuu: Mswahili hawezi kulisahau jina hilo, na kila mgeni wangu lazima autoe ule utani wa kumkaribisha. Lakini msije kwa hadithi za zamani. Kundi kubwa la magharibi mwa Aktiki, lile la upande wa Kotzebue na mto Noatak, lilihesabiwa wanyama 490,000 mwaka 2003. Mwaka 2023 walikuwa 152,000. Kadiri linavyopungua, nafasi za wageni zinabanwa, na ni haki, maana kuna vijiji vinavyoishi kwa nyama ile. Samoni nao vilevile. Mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha kwa miaka saba uvuvi wa samoni mkubwa wa mto Yukon, yule wanaomwita mfalme. Anayekuahidi mfalme wa Yukon Septemba anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo uvuvi wa safari hii usiupange kama safari ya pili. Ukipanga mawindo kamili na uvuvi kamili, mizani itakukatalia: samoni watano wa aina ya fedha (silver) ni kilo ishirini, sawa na mtu kuleta begi jingine. Mimi nasema samaki ni wa kula kambini, nyama ndiyo ya kwenda nayo. Fimbo moja ya kukunjwa vipande vinne, rili ndogo, mshipi mwembamba, chambo bandia za kuzunguka za saizi ndogo, na nzi bandia wachache weusi. Vyote havifiki kilo moja. Samaki utakayemshukuru ni greilingi, mwenye pezi la mgongoni lililoinuka kama tanga la mashua. Si mkubwa, anauma karibu chochote, na kwenye kikaango chenye mafuta kidogo na chumvi hahitaji kitu kingine, ingawa mimi nilikwenda na pilipili mbuzi kavu kutoka nyumbani na sikujuta. Nunua leseni ya uvuvi mbali na ile ya kuwinda, na siku ya kuondoka uangalie tena kanuni, maana uvuvi huku hufungwa katikati ya msimu kwa amri za dharura. Wala usipunguze chakula ukitegemea ndoana.

Chakula chenyewe kiwe cha siku tatu zaidi ya ratiba. Ukungu na upepo hazijui tarehe yako ya kurudi kazini. Nimeona kundi likikaa siku nne zaidi, rubani yuko tayari, ndege ina mafuta, na wingu limekaa juu ya maziwa kama mfuniko. Tikiti ya kurudi Minneapolis au Houston iwe ya kubadilishika. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti si anasa, na namba ya rubani iwe humo kabla hujaruka.

Mtungi wa gesi ya jiko na dawa ya kupulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria; vinunue hapa, na umwambie rubani kwamba unavyo, kwa sababu dawa ile ikipasuka ndani ya chumba cha rubani hakuna atakayeona njia. Risasi kwenye ndege kubwa mwisho kilo 5 kwa abiria, bunduki tupu ndani ya sanduku gumu lenye kufuli. Anayekuja na bunduki kutoka nje ya Marekani anahitaji kibali cha shirikisho cha kuiingiza kwa muda, na kinachukua wiki nyingi.

Nyama ukishaifikisha kambini ndipo uchunaji unapoonekana. Joto la paja hukaa kwenye nyonga, na huko ndiko huanza kuoza, mfupani, wakati nje bado inapendeza. Ifungue nyonga mapema ipate hewa. Tumia mifuko ya kitambaa inayopumua, si plastiki hata kwa saa moja. Itundike au ilaze juu ya vijiti, turubai juu kuzuia mvua, pembeni wazi upepo upite, mpaka ijitengenezee ngozi kavu. Iwe mbali na utumbo na mbali na mahema, mahali unapoweza kuiona kabla hujaifikia, na ukiiendea asubuhi nenda ukiongea kwa sauti. Dubu akiwa amekwishaikalia, hiyo ni yake.

Wenzangu Waislamu huuliza habari ya halali. Wale ninaokwenda nao hutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, kisha humkimbilia mnyama na kisu; zaidi ya hapo wamuulize shehe wao kabla ya safari, si wakiwa wamesimama juu ya mnyama.

Na kama kilo 225 ni nyingi kuliko friza yako, usisubiri Anchorage ndipo uanze kutafuta wa kumpa. Kwenye kijiji unakobadilishia ndege kuna wazee na wajane watakaoipokea ikiwa safi na imekauka vizuri. Mnajaza fomu ya kukabidhi nyama, jina lako, lao, kiasi na kitalu ilipotoka, na kila mmoja anabaki na nakala. Chapa fomu nne kabla hujatoka nyumbani, uzitie kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na leseni, kwa sababu mashine ya kuchapa kijijini huwa iko ofisini, na ofisi huwa imefungwa.