Mgonjwa kiziwi zahanati: yanayosemwa na ukweli wake

"Si amekuja na mwanawe? Atamtafsiria."

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi. Mama kiziwi amekuja kliniki na binti yake wa miaka 10. Muuguzi anataka kujua hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kama kuna uchafu unaotoka ukeni, kama mwenza ameshapima VVU. Mtoto atayasemaje hayo, na mama atamjibu nini mwanawe? Atasema hapana kwa kila kitu ili yaishe. Mume naye akiwa ndiye anayetafsiri, swali la kupigwa nyumbani haliulizwi kabisa. Mkalimani aliyesomea kazi haongezi, hapunguzi, na siri haitoki naye. Ndugu huchuja. Mgonjwa akiuliza, "Daktari amesema nini?" anajibiwa, "Nitakueleza nyumbani."

"Anasoma midomo."

Simama mbele ya kioo, tamka bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu. Na hapo hujavaa barakoa wala hujainamia faili.

"Basi tuandikiane."

Kwa baadhi yao inasaidia. Lakini kwa wengi waliozaliwa viziwi Kiswahili ni lugha ya pili, waliyojifunza darasani bila kukisikia, na Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Bahasha ya dawa iliyoandikwa "2×3", yaani viwili mara tatu kwa siku, mtu anaweza kuielewa kuwa ni vidonge sita kwa mkupuo. Ndiyo maana mkalimani asiagwe mlangoni kwa daktari; dirisha la dawa linamhitaji pia.

"Alama ni zilezile dunia nzima."

Hapana. Za Kenya si za Tanzania, na hata humu nchini zipo zinazotofautiana kufuatana na shule aliyosoma mtu. Mkalimani apewe dakika chache za kuzungumza na mgonjwa kabla ya kuingia.

"Mkalimani ni hisani, tena ghali."

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inawataja wakalimani wa lugha ya alama waliobobea. Kwa hiyo si hisani. Kuhusu gharama, hakuna anayedai mkalimani ashinde zahanati kutwa nzima. Tarehe za kliniki ya wajawazito na za CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, ziko kwenye kadi wiki kadhaa kabla. Mapokezi wanaweza kumpanga mapema. Kwa dharura kuna simu ya video, mtandao ukiwa imara. Ila simu iegemezwe mahali: mgonjwa akiishika mwenyewe, amebakiwa na mkono mmoja wa kuzungumzia.

"Mkalimani akifika, mimi nimemaliza."

Hapa watoa huduma wengi huteleza. "Mwambie ameze baada ya kula," huku macho yako kwa mkalimani. Mtazame mgonjwa, sema naye. Mkalimani akae kando yako, nyuma kidogo, ili mgonjwa awaone wote wawili. Usikae na dirisha mgongoni, maana nuru itaficha uso wako na wa mkalimani, na katika lugha ya alama nyusi tu zinaweza kugeuza kauli kuwa swali. Wala usiishie kwenye "Umeelewa?" Hata asiyeelewa hutikisa kichwa kukubali. Mwombe akuonyeshe dawa ipi atakunywa asubuhi, ngapi, na ipi usiku.