Intaneti ya "waya mkavu": DSL bila simu ya mezani

Mmarekani akikwambia nyumba yake ina "dry loop", yaani waya mkavu, usidhani amekatiwa maji. Anamaanisha kwamba waya wa shaba wa kampuni ya simu umefika kwake na intaneti inapita, ila ukichomeka simu ya mezani ukainua mkono wake, husikii mlio. Kimya kabisa. Huo ndio waya mkavu: intaneti ya DSL, ile inayopita kwenye waya wa simu, inayouzwa peke yake, bila huduma ya simu. Wengine, Waaustralia hasa, huiita "naked DSL", yaani DSL iliyo uchi.

Walioishi na DSL watakikumbuka kile kidude cheupe chenye matundu mawili, moja la simu, jingine la modemu. Ni chujio tu. Sauti ya mtu kwenye simu hutumia masafa ya chini, kama Hz (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400. ADSL, aina ya DSL iliyoenea majumbani, huanzia juu huko, karibu Hz 25,000, ikapanda hadi milioni moja na ushei. Vyote viwili hupita kwenye waya mmoja bila kugongana, na chujio huzuia simu isipige kelele za intaneti sikioni mwako. Kwa hiyo intaneti haikuwahi kuihitaji simu. Iliuhitaji waya.

Lakini mwenye waya alikuwa kampuni ya simu, na gharama za kuutunza alizoea kuzikusanya kupitia ada ya simu ya kila mwezi. Watu walipoanza kutosheka na simu za mkononi, kuwalazimisha wachukue "laini" ili wapate DSL ikawa njia ya kuwabakiza. Qwest, kampuni ya majimbo ya magharibi ya Marekani, ilianza kuuza DSL peke yake mwaka 2004. Nyingine zilisukumwa: AT&T ilipotaka kuinunua BellSouth mwishoni mwa 2006, moja ya ahadi ilizotoa ili serikali iridhie ni kuuza DSL isiyofungwa na simu, kilobiti 768 kwa sekunde, kwa dola 19.95 kwa mwezi.

Na neno "mkavu"? Hilo ni la mafundi. Laini ya simu ya kawaida hubeba umeme wa takriban volti 48 kutoka kituo cha simu, ndiyo maana ile simu ya kizamani yenye waya iliita hata umeme wa nyumbani ulipokatika. Waya mkavu hauna umeme huo. Kuna kasoro hapo ambayo muuzaji hawezi kukutajia: maungio ya shaba hupata kutu polepole, na kumbe ule umeme mdogo ulikuwa ukiyasaidia yapitishe mawimbi vizuri. Ukiondoka, laini inaweza kuanza kuwa na kelele na modemu ikawa inajikatia. Mafundi wakatafuta dawa, mkondo mdogo wa umeme unaopitishwa kwa kazi hiyo tu, nao wakauita wa "kulowesha". Waya mkavu unaloweshwa!

Uingereza walichelewa. Hadi 2016 matangazo yaliweza kukuonyesha bei nzuri ya intaneti, kisha ada ya kukodi laini ya simu ikatajwa pembeni kana kwamba ni jambo jingine. Sasa huduma ya waya bila simu ipo, inaitwa SOGEA, na tangu Septemba 2023 laini mpya za simu za mtindo wa zamani haziuzwi tena. Mtandao wenyewe wa simu hizo umepangiwa kuzimwa Januari 2027.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili liliwapita wengi juu kwa juu. Nyumba nyingi hazikuwahi kuwa na simu ya mezani. Zilianza na bando la simu ya mkononi, zikafika kwenye ruta ya 4G au faiba. Anayekumbana nalo ni ndugu aliyehamia Leicester, Uingereza, au Minneapolis, Marekani, kwenye nyumba ya zamani yenye tundu la simu ukutani.

Kama ndiye wewe, na tayari una simu na DSL kwenye waya mmoja, usipige kampuni kusema "futeni simu". Kwenye mifumo mingi DSL imesajiliwa juu ya namba ile. Ikifutwa, intaneti huzimika nayo, na namba unaweza kuipoteza. Waombe wakuhamishie kwenye intaneti pekee, na kama namba unaitaka, uwaambie hapo hapo, kabla hawajagusa kitu.