Vali ya tangi la choo ifungwe: maelezo kwa wanaoishi kwenye RV kambini

Tangu msimu wa kambi uanze, simu za malalamiko zinazoingia katika idara yetu ya afya ya mazingira zimeongezeka, na nyingi zinahusu majitaka ya RV, yaani magari na trela za kuishi ndani, zilizoegeshwa sehemu moja kwa wiki nyingi. Nimeombwa niandike kwa Kiswahili kwa sababu siku hizi kwenye kambi hizo wamo ndugu zetu wengi. Wengine ni madereva wa malori, lakini walio wengi ni wauguzi wanaozunguka hospitali za Marekani kwa mikataba ya wiki 13, ambao wameona heri wanunue nyumba ya magurudumu kuliko kutafuta apatimenti kila wanapohamishwa. Huo ni uamuzi wa busara. Sijakutana na hata mmoja aliyemwaga majitaka kwa kutaka kumuudhi jirani. Niliokutana nao walifanya walichodhani ndicho sahihi, na ndiyo maana naandika.

Kosa lenyewe ni hili. Unafika kambini, unapewa nafasi yenye maji, umeme na tundu la majitaka. Unaunganisha mpira kwenye tundu, unavuta vali zote mbili, ya tangi la choo na ya tangi la sinki na bafu, unaziacha wazi, na unaingia ndani kupika. Hoja yako ni kwamba sasa umeunganishwa kama nyumba, kwa hiyo kila kitu kitajiendea chenyewe. Hakiendi. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili, maana naieleza kila wiki na bado kuna wanaonijibu kwamba jirani yao ameacha wazi miaka mitatu bila shida. Jirani huyo hajaona kilichomo ndani ya tangi lake.

Choo cha nyumbani Marekani, kile kilichotengenezwa tangu mwaka 1994, humwaga hadi lita 6 za maji kwa kila kuflashi, na maji hayo hupita kwenye bomba jembamba lenye mteremko. Choo cha RV hutumia maji kidogo sana, na yanaangukia kwenye tangi pana lenye sakafu iliyo karibu sawa. Vali ikiwa wazi, maji hutoka mara moja na kukimbilia tundu. Kinyesi na karatasi hubaki pale pale vilipoangukia, chini ya choo. Kesho vinaongezwa vingine juu yake. Baada ya wiki chache kinachokuwa kimejengeka mle ni kichuguu, kigumu kama kichuguu chenyewe, na kinapanda kuelekea kwenye bakuli la choo.

Mwaka jana niliitwa kwenye kambi moja na dada mmoja muuguzi aliyekuwa wiki ya saba ya mkataba wake. Alinipokea mlangoni akiwa bado na sare ya zamu ya usiku, ameona haya kweli. Choo kilikuwa hakishuki. Nilimulika tochi nikaona ncha ya kichuguu ikiwa imebakiza kama upana wa kiganja kufikia bakuli. Nje, mpira wa majitaka ulikuwa mwepesi na mtupu, kwa sababu kwa siku kadhaa hakuna kilichopita isipokuwa maji ya juu juu. Fundi alifanya kazi mchana kutwa kwa mpira wa maji yenye shinikizo, akiuingiza kwa kupitia chooni, na malipo yake yalikula sehemu nzuri ya mshahara wa wiki ile. Dada yule hakuwa mchafu. Gari lake lilikuwa safi kuliko nyumba nyingi ninazokagua. Aliambiwa vibaya na mtu aliyemuuzia.

Sasa utaratibu. RV ina matangi mawili ya maji yaliyotumika. Moja ni la choo, ambalo Wamarekani huliita tangi jeusi. La pili ni la sinki na bafu, wao huliita la kijivu. Tangi la choo liwe limefungwa wakati wote, hata kama umeunganishwa kwenye tundu. Kabla ya kuanza kulitumia, na kila baada ya kulimwaga, mimina ndani galoni 3 hadi 5 za maji, yaani lita 11 hadi 19, ili sakafu ya tangi ifunikwe. Kila unapotumia choo usione uchungu wa maji, hasa ukiwa umeunganishwa na bomba la kambi. Maji ndiyo yanayobeba.

Limwage likifika theluthi mbili au zaidi. Ukimwaga likiwa robo, hakuna uzito wa kusukuma na utakuwa unaanza kujenga kichuguu upya. Galoni moja ya maji ina uzito wa karibu kilo 3.8, kwa hiyo tangi la galoni 40 likikaribia kujaa limebeba zaidi ya kilo 100, na uzito huo ukiachiwa kwa mkupuo mmoja hutoka na kila kitu. Vaa glovu. Hakikisha mpira umekaa imara pande zote mbili, mwanzo na mwisho, na una mteremko kuelekea tundu bila kujikunja katikati kama nyoka. Vuta vali ya tangi la choo kwanza, usikilize. Sauti itaanza kwa kishindo, itapungua, itakuwa mchirizi. Ikinyamaza, funga. Ndipo uvute vali ya maji ya sinki, maji yale yenye sabuni yapite na kuusuuza mpira. Atakayefuata mpangilio wa kinyume atabaki na mpira uliojaa asichotaka kukishika.

Kuhusu tangi la sinki na bafu, ukiwa umeunganishwa unaweza kuliacha wazi, na kambi nyingi zinaruhusu. Mimi nashauri lifungwe walau siku moja kabla ya kumwaga la choo, ili upate maji ya kusuuzia. Liko pia suala la harufu: likiwa wazi, hewa ya mfumo wa majitaka wa kambi nzima ina njia ya kupanda hadi chini ya sinki lako, na kinachoizuia ni maji machache tu yaliyokaa kwenye kona ya bomba. Ukisafiri siku chache kwenye joto yakakauka, utaniita useme kambi inanuka.

Taa za ukutani zinazoonyesha kiwango cha tangi zinadanganya. Vihisi vyake viko kwenye ukuta wa tangi, na kipande cha karatasi kikinata hapo taa itasema theluthi mbili hata kama tangi ni tupu. Zoea kuhesabu siku. Watu wawili wanaofanya kazi nje hujifunza haraka tangi lao linachukua siku ngapi.

Karatasi za chooni zitumike zile zinazoyeyuka. Jaribio lake ni rahisi: tia mraba mmoja kwenye chupa ya maji, tikisa mara chache. Ikisambaratika inafaa. Zile tishu zenye unyevu, hata kama pakiti imeandikwa kwamba zinaweza kuflashiwa, hazifai. Sitaki kubishana tena juu ya maandishi ya pakiti. Vivyo hivyo pedi, nepi, na mafuta ya kupikia. Mafuta ya nyama yanaganda kwenye bomba kama yanavyoganda kwenye sufuria.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa idara yetu ni zito kuliko harufu. Wengi hudhani tundu la kambi linaelekea kwenye mtambo wa mji. Kwa kambi za vijijini, mara nyingi sivyo. Linaelekea kwenye tangi la septiki lililofukiwa hapo hapo nyuma ya miti, na kutoka hapo maji hupita kwenye mabomba yenye matundu hadi kwenye udongo unaoyachuja. Kazi ndani ya tangi hilo inafanywa na bakteria. Ni viumbe hai. Ukimimina dawa kali ya kuua harufu yenye fomaldehaidi, au galoni ya klorini ya kufulia, unawaua, na uchafu ambao haujavunjwa unaingia ardhini. Kambi nyingi za aina hiyo hunywa maji ya kisima chao wenyewe. Kwa hiyo anayemwaga sumu leo ndiye anayejaza birika kesho, yeye na watoto wa nafasi ya jirani. Shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, EPA, limekuwa likiwatahadharisha wenye RV kuhusu kemikali hizi, na California imepiga marufuku dawa za matangi zenye fomaldehaidi na jamii yake. Nunua zenye vimeng'enya au bakteria. Ukiwa na maji ya kutosha ndani ya tangi, mara nyingi hata hizo hutazihitaji sana.

Wapo pia wanaomwaga maji ya sinki chini ya gari, kwa hoja kwamba ni sabuni tu. Si sabuni tu. Kuna mabaki ya chakula, damu ya kuku, uchafu wa mwili, na vijidudu vinavyosababisha kuhara. Maji hayo huita nzi, panya, rakuni, na kwenye maeneo ya milima huita dubu. Dubu akishazoea kula kambini, mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi na maafisa wa wanyamapori. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu nimewahi kusimama na askari wa hifadhi aliyekuwa ametoka kufanya kazi hiyo.

Mpira wa maji ya kunywa na mpira wa kusuuzia majitaka visikutane kabisa, hata kwenye sanduku la kuhifadhia. Wa kunywa kwa kawaida ni mweupe au wa buluu. Wa kusuuzia tafuta rangi nyingine na usiubadilishe. Penye kituo cha kumwagia huwa kuna bomba lililoandikwa kwamba maji yake si ya kunywa, na halijaandikwa hivyo kwa sababu maji ni machafu yanapotoka kisimani. Ni kwa sababu mdomo wake umeguswa na mipira ya watu wote waliotangulia.

RV nyingi mpya zina tundu la pembeni la kuoshea tangi la choo kwa ndani. Ni kifaa kizuri, na ndicho kilichonipa asubuhi mbaya kuliko zote za msimu uliopita. Bwana mmoja alifungulia maji ya kuosha tangi huku vali ikiwa imefungwa, akanuia kuliloweka dakika tano, kisha simu yake ikalia. Alizungumza nusu saa. Tangi lilijaa, maji yakatafuta njia, yakapanda kwenye bomba la hewa na kutokea juu ya paa, yakateremka ukutani mbele ya dirisha la jikoni. Ukifungulia maji hayo, weka kengele na simama hapo hapo. Ukiitwa, funga kwanza. Na ufunge kwenye bomba la kambi kile kifaa kidogo cha shaba kinachozuia maji kurudi nyuma, maana shinikizo la bomba likishuka, yaliyomo kwenye mpira huo yanaweza kuvutwa kuelekea maji ya wote.

Kuhusu adhabu, naomba mnielewe vizuri. Ndani ya Hifadhi za Taifa, kanuni ya serikali kuu iitwayo 36 CFR 2.14 inakataza kumwaga taka kutoka kwenye trela au gari lolote isipokuwa mahali palipotengwa. Kiwango cha juu ni kifungo cha miezi 6, au faini ya dola 5,000, au vyote viwili. Nje ya hifadhi zinatumika sheria za jimbo na kaunti, nazo zinatofautiana, kwa hiyo uliza ulipo. Katika kaunti yetu malalamiko yakifika, afisa huja kuangalia, hupiga picha, na pakiwa na shaka humimina chooni rangi ya kijani isiyodhuru ili aone itatokea wapi. Ilani ya kwanza huenda kwa mwenye kambi, kwa sababu leseni ni yake. Hapo ndipo wengi hushangaa wanapoambiwa wahame kabla hata sisi hatujaandika faini: mkataba wa kambi unampa mwenyewe haki hiyo, na leseni yake ni riziki yake.

Ukimwagikiwa, na mtu yeyote anaweza kumwagikiwa, usichukue mpira ukaanza kusukumia uchafu kwenye mtaro au chini ya gari la jirani. Funga vali. Zuia watoto na mbwa wasipite. Mwite msimamizi wa kambi papo hapo, hata kama ni saa nane usiku. Wana chokaa, wana koleo, na wanajua ulipo mfuniko wa septiki. Mweleze ni lita ngapi kwa kukadiria na zilitoka tangi gani. Hilo la tangi gani ndilo swali la kwanza tutakalomuuliza sisi tukifika, kwa sababu ndilo linalotuambia kama kisima kinahitaji kupimwa kabla ya watu kuamka na kuchota.